Viondo Vilivyokataa Kusafiri Vitupu

Mwaka ulikuwa 2023, kiangazi cha Machi kilikuwa bado hakijavunjika, nami nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Nautaja umri mapema kwa sababu wifi yangu Kamene, dada ya marehemu mume wangu Mutinda, amekuwa akiwasimulia watu kwamba nilikalishwa juu ya ndoo za asali nikiwa na miaka sabini. Nilizaliwa tarehe 2 Februari 1962. Kuhusu ndoo za asali, hilo ni kweli, nami nitalieleza mahali pake.

Mmeniuliza, wengine kanisani na wengine kisimani, ni jambo gani hasa lililotupeleka Kambu na likatuweka huko kama watu waliohamia. Nimeona heri niandike mara moja, ili nisiulizwe tena, na ili Kamene asizidi kunitangulia.

Mwezi wa Oktoba 2022, kikundi chetu cha wasusi wa Tulia, ambacho mimi ni mwenyekiti wake, kilipata oda ya viondo mia mbili vya katani, vyenye vifuniko, vya kwenda Denmark. Aliyetuletea oda ni Bwana Njoroge, mfanyabiashara mwenye stoo pale Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Alichukua viondo vichache vya sampuli akavituma ng'ambo, kisha akarudi na jibu la mnunuzi: vimependeza, na hivyo vingine vije vile vile kama sampuli, bila tofauti hata ya kidole. Tukaanza kusuka. Mvua za Novemba zilitukuta tukisokota katani mapajani, na mashamba ya wengi wetu hayakuona jembe msimu ule, maana hakuna aliyeumbwa na mikono minne. Februari viondo vikapelekwa Kambu. Jumatatu, tarehe 13 Machi, Bwana Njoroge akapiga simu.

"Mama Kioko," akasema, "viondo vyenu vimeingia wadudu. Kuna ndengu ndani. Kwa nini kuna ndengu ndani?"

Nikamwuliza alitaka kuwe na nini.

Akanieleza kwamba mzigo wa namna hiyo hautapita bandarini. Kwamba mnunuzi ameudhika. Na kwamba kiwanda kimoja cha huko Asia kimekwisha kujitolea kumtengenezea viondo kama vyetu kwa nyuzi za plastiki, vyote sawasawa kama mayai ya dukani. "Mje mchukue vitu vyenu," akasema, "ama mje tuongee." Nilichagua la pili.

Watu wa Tulia hawana haja ya kuelezwa, lakini maandishi hutembea. Kwetu kiondo hakitoki nyumba hii kwenda nyumba ile kikiwa kitupu. Ukimpelekea mtu kiondo kitupu, umemwambia kwamba kwako hakuna kitu, au kwamba yeye hastahili kitu. Kwa hiyo kila msusi alitia konzi ya ndengu, akaifunga katika kitambaa, akaiweka chini kabisa. Tulifanya hivyo kwa sampuli. Tulipoagizwa vije vile vile, tulitii.

Kutoka Tulia hadi Kitui mjini

Tuliondoka Jumanne, tarehe 14 Machi. Ningesema tuliondoka asubuhi, lakini nilikuwa na Kamene. Alipofika kituoni jua lilikuwa limekwisha kupanda, naye ameinama upande mmoja kwa uzito wa kiondo chake.

"Umebeba nini humo?" nikamwuliza.

"Nguo zangu. Na ndengu kidogo."

"Kamene, tunakwenda kujibu kesi ya ndengu, nawe umebeba ndengu?"

"Hizi si za Denimaki. Hizi ni za mke wa Njoroge. Unataka niingie kwa wenyewe nikining'iniza kiondo kama mtu anayekuja kukopa?"

"Ungebeba mayai."

"Mayai yakivunjika njiani, watasema tumekuja na mkosi. Ndengu zikivunjika, zimerahisisha kazi ya kupika."

Tukaenda na ndengu.

Kitui mjini tulingoja gari sokoni, na huko ndiko nilikoviona kwa macho yangu vile vitu alivyovitaja Bwana Njoroge. Vilikuwa vimetundikwa mlangoni mwa duka moja, vyepesi, vinang'aa, vya plastiki, na kila kimoja kimechorwa mistari na pembe tatu kwa namna ya viondo vyetu. Kamene alikishika kimoja akakigeuza, akakinusa, akakigeuza tena.

"Kijana, mchoro huu ni wa mama yangu," akamwambia mwenye duka. "Hizi pembe zinazogusana kwa ncha. Hakuna mwingine aliyezisuka hivi pale kwetu."

"Basi mama yako alienda kufanya kazi China, susu," kijana akajibu, akimwita nyanya kwa Kikamba. "Hizi ni orijino. Zimetoka huko na meli."

"Mama yangu alikufa bila kuiona hata Machakos."

"Pole. Lakini mchoro wake unauzika sana."

Nilimvuta Kamene mkono tukaondoka. Mwalimu wetu wa gumbaru, shule ya watu wazima nilikoanza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu baada ya kumzika Mutinda, alitufundisha kwamba utandawazi umeifanya dunia kuwa kijiji kimoja. Nilimwamini, na mtihani wa darasa la nane nilijibu hivyo hivyo nikapata alama zangu. Lakini siku ile nilijiuliza ni kijiji gani hiki ambamo mchoro wa marehemu unasafiri hata China bila kuaga, na mwenye mji haruhusiwi kumtumia jirani yake konzi ya ndengu.

Kutoka Kitui hadi Kibwezi, juu ya asali

Tulipewa nafasi katika pikapu ya Shemasi Musyoka, ambaye hununua asali vijijini na kuipeleka Kibwezi. Ni mtu wa Mungu na mwenye roho nzuri. Lakini kiti cha abiria alikuwa amekwisha kukiondoa ili apate mahali pa ndoo, na juu ya ndoo hizo akatutandikia blanketi. Hivyo ndivyo nilivyosafiri, mjane wa Mutinda na mwenyekiti wa kikundi, nikiwa juu kuliko dereva, kichwa kikigonga paa kila tulipofika kwenye tuta.

Barabara ile mpya ya lami ni nzuri. Zamani mtu alikuwa akifika Kibwezi kutoka Kitui kwa kuzunguka au kwa kudura. Shemasi hupiga breki kabla ya kila daraja na kufanya maombi mafupi, kwa hoja kwamba wahandisi walioijenga walikuwa wageni na hakuna ajuaye kama walimwomba Mungu wakati wa kumimina zege.

"Na nyinyi akina mama mnaenda kutafuta nini Kambu?" akatuuliza tulipopita Mutomo.

"Mzigo wetu umezuiwa," akasema Kamene.

"Kwa nini?"

"Ndani kumepatikana ndengu."

Shemasi alipiga breki, akaliombea daraja, akavuka. Kisha akasema kwa upole, bila kututazama, akiniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, mimi si wa kuhukumu. Hata wale wa bangi husema ni mboga."

"Ni ndengu, Shemasi," nikasema.

"Nimesikia. Na mmebeba nyingine hapo kwenye kiondo?"

"Kidogo tu," akasema Kamene, "za kumpa mama wa pale nyumbani kwa yule mwenye stoo."

Tangu hapo maombi ya madarajani yakawa marefu zaidi, na sisi tukiwa tumetajwa ndani yake, si kwa majina bali kwa hali zetu.

Kabla ya Ikutha tulikuta askari wa barabarani. Askari hakuwa na neno nasi hata kidogo. Alitaka kuona leseni tu. Lakini Shemasi alipoulizwa amebeba nini, alijibu: "Asali, afande. Asali ni yangu. Hiyo ingine ni ya hawa." Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

Askari akaomba kukiona kiondo. Alitia mkono hadi kiwikoni, akatoa nguo ya Kamene ambayo sitaitaja, akairudisha haraka, kisha akatoa konzi ya ndengu. Akaziangalia, akatafuna moja.

"Ni ndengu," akasema. "Sasa huyu wenu anatetemeka nini?"

"Ni mtu wa maombi," nikamjibu.

Shemasi alitulipia chakula pale Ikutha kwa ajili ya kutushuku. Nilitaka muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa, lakini mahindi yalikuwa yamekwisha, palikuwa na wali peke yake. Kamene, ambaye hupenda kujua chakula kimetoka wapi kabla ya kukiingiza mdomoni, alimwuliza mhudumu.

"Mchele ni wa Pakistani, mwaitu."

"Pakistani iko upande gani?"

"Ni ng'ambo. Unakuja na meli hadi Mombasa."

"Na ndani ya mchele hamjawahi kupata mdudu?"

Msichana akaangalia jikoni, kisha akasema tukipata tuweke kando ya sahani. Kamene alikula wali wote akitafuta, hakuona kitu, na akaudhika zaidi kuliko kama angeona.

Kambu

Tulifika Kambu Jumatano, tarehe 15 Machi, baada ya kulala Kibwezi kwa binti wa dada yangu. Ni mji uliojipanga kando ya barabara kuu: vitunguu katika nyavu nyekundu, machungwa yaliyopangwa kama minara, na malori ya Mombasa yakipita bila kukoma, yakielekea bara na makontena ya vitu ambavyo hatukuvitengeneza sisi. Stoo ya Bwana Njoroge iko nyuma ya nyumba yake. Yeye ni mtu wa Murang'a aliyefika huko akiwa kijana, kisha akarudi kuoa kwao. Mzee wa kanisa, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kutazama saa. Mkewe, Mama Wanjiru, alikipokea kiondo cha Kamene kwa mikono miwili. Alipohisi uzito wake, aliguna kwa furaha. Bwana Njoroge alipochungulia ndani, aliguna pia, ila kwa namna nyingine.

Alitufungulia stoo. Viondo vyetu vilikuwa vimepangwa hadi darini, na joto la mabati lilikuwa limefanya kazi yake. Fukusi walikuwa wametoboa vitambaa na kutoka, wakitembea juu ya vifuniko kama wenye nyumba. Sikupenda nilichokiona, na nasema hivyo kwa kuwa nilikwenda huko na hoja nyingi, lakini fukusi hajibiwi kwa hoja.

Bwana Njoroge akampigia mnunuzi kwa simu ya kuonana uso kwa uso. Anaitwa Bi. Mette, ni mwanamke wa umri wa kama miaka hamsini, mwenye miwani, na nyuma yake palikuwa na dirisha lenye mvua. Nilisimama, nikafunga kitambaa changu cha kichwa vizuri, nikaanza. Nilimweleza kwamba kwetu chombo ni kama kinywa, na kinywa hakitumwi kwa mgeni bila neno. Nilimweleza maana ya konzi ile. Nilimkumbusha agizo lake mwenyewe. Nilipomaliza, Bwana Njoroge alitafsiri yote kwa pumzi moja.

Kiingereza changu kilianza kwa kuchelewa, lakini neno la kuomba msamaha katika lugha hiyo nalijua. "Bwana Njoroge," nikasema, "sijaomba msamaha. Rudia."

Akarudia, safari hii kwa urefu. Bi. Mette alisikiliza, akainuka, akatoweka, kisha akarudi na kiondo kimoja cha sampuli. Akakifunua, akatia mkono hadi chini, akatoa kifurushi cha kitambaa cha buluu, bado kimefungwa fundo.

Kamene akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Kile ni kipande cha leso yangu. Kwa nini hajafungua?"

Bwana Njoroge akauliza. "Anasema alidhani ni uzito wa kufanya kiondo kisimame. Ndiyo maana alisema vije vile vile. Vilikuwa vinasimama vizuri."

"Tangu Oktoba? Nimempa mtu chakula Oktoba, na hadi Machi hajawasha moto?"

"Anauliza unasemaje."

"Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Akamwambia. Bi. Mette alicheka, kisha akaacha kucheka, akakiangalia kile kifurushi mkononi mwake kwa muda. Alipozungumza tena, alizungumza polepole, na hata mimi nilishika sehemu. Alisema kosa la agizo lilikuwa lake kwa sehemu, na oda itabaki kwetu kwa sharti moja: viondo visafishwe, vipate cheti cha mkaguzi wa afya ya mimea, na viondoke Kambu kabla ya mwisho wa mwezi. Duka lake haliwezi kungoja zaidi. Visipoondoka, atachukua vile vya kiwandani.

"Kama tungevileta vitupu," nilimwambia Bwana Njoroge alipozima simu, "tungekuwa tumevunja maagano. Sampuli ilikuwa na ndengu."

"Mama Kioko, wewe ungekuwa wakili."

"Nilichelewa kuingia shule, Bwana Njoroge. Sikuchelewa kufikiri."

Kambu, kungoja

Tuliambiwa mkaguzi atafika kesho. Mtu aliyewahi kungoja ofisa anajua kwamba kesho ni jina la siku ambayo haimo katika kalenda. Tulikaa hadi Jumanne, tarehe 21.

Tulimwaga ndengu zote, tukavikung'uta viondo, tukavianika nje katika jua la Kambu, ambalo halina huruma kwa fukusi wala kwa binadamu. Ndengu zilizokuwa bado nzima Mama Wanjiru alizichagua akazipika. Jioni alituletea chungu. Alikuwa amezichanganya na ndizi na viazi, na kuziponda zote pamoja hadi zikawa kitu kimoja kizito cha kijani.

Kamene alikitazama chakula kile kwa heshima. "Zimekosa nini," akauliza, "hadi zikapigwa hivi?"

"Kwetu, mama, chakula kikipondwa, mtoto na mzee wanakula chungu kimoja bila kutafuta meno," akajibu Mama Wanjiru.

"Na leo mimi umeniweka kwa mtoto ama kwa mzee?"

"Kula kwanza, halafu tutaona."

Alikula mara mbili, na Mama Wanjiru akasema sasa ameona.

Kuanika viondo mia mbili kando ya barabara ya Mombasa kuna taabu yake. Mabasi yalisimama. Watu walishuka wakidhani ni soko. Kamene akanijia Ijumaa, mikono kiunoni.

"Wifi, hawa wananunua leo. Yule wa Denimaki atanunua siku mvua ikimpendeza. Tuuze hapa hapa turudi kwetu."

"Basi litakuja lingine kesho?"

"Yako mengi."

"Na msimu ujao, yatapiga simu Tulia kuuliza kama tuko tayari?"

Nilimweleza kwamba abiria hununua kwa kuwa basi limesimama; dereva akipiga honi, biashara imekwisha. Oda ni kitu cha kupanga maisha juu yake, nami sikuwaacha wanawake wa Tulia bila mavuno ili viondo vyao viuzwe kwa honi. Kamene alisema nimeongea vizuri. Kisha akaenda, akatoa nguo zake zote katika kiondo chake mwenyewe, akakiuza kwa mwanamke wa basi la Mombasa ambaye alikuwa amebeba cha plastiki kilichokatika mkono. Kwa siku zote zilizobaki wifi yangu alitembea na nguo zake katika gunia la unga, akiwa na uso wa mtu aliyenishinda.

Mkaguzi alipofika, alikuwa kijana mpole mwenye tochi. Aliingiza kichwa katika kila kiondo. Alipomaliza alisema ni visafi, na cheti atatoa. "Lakini kuanzia sasa, hakuna mbegu, hakuna jani, hakuna udongo."

"Vitaenda na nini basi?" akauliza Kamene.

"Vitupu."

Nilipiga simu Tulia, ambako wenzetu walikuwa wamekusanyika kwa mweka hazina wetu wakingoja habari. Niliwaambia tumepata cheti. Wakashangilia. Niliwaambia vitaondoka vitupu. Shangwe zikageuka manung'uniko. Hatimaye sauti ya mweka hazina ikatoka, na kila mtu pale uani akaisikia: "Mwenyekiti, hilo tumekataa. Afadhali virudi nyumbani. Mtu akisikia Tulia ilituma viondo mia mbili vitupu kwa mgeni, tutajificha wapi?"

Bwana Njoroge alikalia ndoo akashika kichwa. "Mnakataa Denmark kwa sababu ya konzi ya ndengu?"

"Hatukatai Denmark," nikasema. "Tunakataa utovu wa adabu."

Lakini moyoni nilikuwa nimebanwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, kiwanda cha plastiki hakina mila ya kukichelewesha, na mimi ndiye niliyewaambia wanawake waache majembe. Nilikaa barazani. Kamene alikuwa kando yangu, akisokota katani iliyobaki pajani, kwa kuwa mikono yake haijui kukaa. Uzi ulishuka kwenye goti lake, ukajikunja sakafuni. Niliutazama, kisha nikamwita mkaguzi, ambaye alikuwa akinywa chai.

"Huu nao ni mbegu?"

Aliuokota, akauvuta, akaunusa. "Huu? Huu ni kiondo ambacho hakijasukwa. Ukiwa mkavu na safi, una cheti kile kile."

Nikarudi kwenye simu. Niliwaambia kila kiondo kitakwenda na kitanzi cha uzi wa katani, uliosokotwa pajani, rangi ile ile, wa kushonea mkono wa kiondo utakapochakaa. Walijadiliana kwa Kikamba, wote pamoja, kwa muda ambao Bwana Njoroge aliuhesabu kwenye saa yake. Kisha mweka hazina akasema: "Uzi ni kitu. Mtu akikupa uzi amekuambia utaishi na kiondo hiki siku nyingi. Tumekubali. Lakini uwe mrefu, wasiseme tumebana."

Siku mbili zilizofuata tulisokota, Kamene, Mama Wanjiru na mimi. Mama Wanjiru hakuwa amewahi kusokota, na paja lake likawa jekundu kama la kuku aliyenyonyolewa. Kamene alimwambia kwamba katani haipendi mapaja yaliyokula viazi. Alimwambia huku akimpaka mafuta.

Kutoka Kambu hadi Wote

Lori liliondoka na viondo Alhamisi, tarehe 23 Machi, lakini kwa sharti la kungoja Mombasa hadi maagano mapya, yenye kifungu cha uzi, yatiwe sahihi. Ijumaa, Bwana Njoroge akatupeleka kwa gari lake hadi Wote, kwenye ofisi za kaunti, ili yaandikwe huko, kupitia Makindu na Kathonzweni. Njiani alinunua maembe, akatusimulia hadithi zote za wateja waliowahi kumtesa, akamalizia kwamba hakuna aliyetufikia.

Ofisi za kaunti zilikuwa na watu wengi na viti vichache. Aliyetupokea ni ofisa wa biashara, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, aliyeniita mwaitu na kusimama hadi nikae. Bi. Mette alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Ofisa akasoma maagano kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Kifungu cha uzi kilipofika, Bwana Njoroge akainua mkono.

"Mheshimiwa, nina shida na hapa. Ukimpa mteja uzi wa kurekebishia, umemwambia kitu kitaharibika."

"Nawe ukioa," nikamwuliza, "kumwahidi mke utamtunza akiugua, ni kumwambia ataugua?"

Ofisa akainamisha kichwa chini. Bi. Mette akataka kutafsiriwa, akatafsiriwa, akasema uzi ubaki.

Nikaomba kifungu kimoja zaidi. Nilisema kwetu anayepokea kiondo hukirudisha siku moja, nacho hakirudi kitupu. Siombi vitu, wala hisani. Ninaomba neno, na lije kwa wakati: kila mara, kabla ya mvua, mnunuzi aseme kama anataka viondo au hataki, ili mwanamke wa Tulia ajue kama ataamka na jembe au na katani. Msimu uliopita tulibahatisha, tukakosa mahindi, na kidogo tukose na viondo.

Bwana Njoroge alisema biashara ya ng'ambo haiendi kwa mvua za Kitui. Bi. Mette akaelezwa. Aliuliza mvua huja lini. Nikamtajia miezi. Akaiandika, akaisoma kwetu ili tuhakikishe hajakosea, akasema atatoa neno Septemba kwa ajili ya mvua za Novemba, na Januari kwa ajili ya mvua za Machi. Na akikaa kimya, tulime.

Ofisa akakiandika kifungu. Bwana Njoroge akatia sahihi, kwa haraka, ndefu kama njia ya nyoka. Mimi nikaandika majina yangu matatu, nikaweka tarehe. Shahidi wa upande wa wasusi alikuwa Kamene, ambaye hajui kuandika. Ofisa akamsogezea kidau cha wino.

"Pole, mwaitu," akasema. "Itabidi ni kidole."

"Pole ya nini?" akasema Kamene. "Kidole hiki kimesuka viondo kumi na saba kati ya hivyo. Jina langu halijasuka hata kimoja."

Akabonyeza, akakiinua kidole kukitazama, na alipokuwa akikitazama mkono wake ukaegemea karatasi, alama ya pili ikatokea chini ya ile ya kwanza. Nikamwonyesha ofisa, kwa kuwa napenda mambo yawe sawa, nikamwuliza kama karatasi haijaharibika.

"Haijaharibika," ofisa akasema. "Amekubali mara mbili."

Akagonga muhuri. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Machi 2023, na oda ikawa yetu.